Klachi ya Mguu wa Arlys

Wifi yangu Arlys ni mfupi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari zake hudhani ni jimama lenye mabega ya fahali. Wapi! Akisimama nyuma ya pikapu ya kaka yangu, unaona kofia tu. Lakini mdomo anao, tena anao mguu wa kushoto ambao watu wote wa vilima hivi vya mchanga, hapa Nebraska, wanaujua. Kila Jumapili ndiye anayepiga kinanda cha kanisa, kwa mikono na kwa miguu, na mwaka ule mtamba alipompiga teke gotini tuliimba muda mrefu bila besi, maana besi anaikanyaga kwa mguu huo. Mchungaji mwenyewe alisema ibada zetu zimechacha.

Mimi naitwa Luella. Delmar Hruska, mume wa Arlys, ni kaka yangu mkubwa, na kazi yangu ni kuuza vipuri kwenye duka la ushirika wa wakulima mjini Dunlevy. Kwenye kaunta yangu kuna kahawa ya bure, kwa hiyo kuna wanaume. Wanakuja asubuhi kununua nati moja na wanaondoka karibu na chakula cha mchana, wakiwa wameshatengeneza kwa mdomo matrekta ya wilaya nzima. Nawapenda, lakini wananichosha.

Msimu wa majani kuanguka, nyonga ya kushoto ya Delmar iligoma. Daktari akasema itolewe, iwekwe ya chuma, mwezi wa Desemba, kisha mzee akae ndani mpaka majira ya ng'ombe kuzaa. Binti yao Janelle, anayeishi Omaha, akapiga simu siku hiyo hiyo. Nilikuwepo jikoni, na sauti ya Janelle haihitaji simu, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama, huwezi kulisha ng'ombe peke yako kwenye theluji. Nimeshaongea na watu wa mnada. Lori litakuja kabla ya Krismasi."

"Lori la nani?"

"La kubebea ng'ombe, mama."

"Ng'ombe wa nani?"

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho Janelle akakubali jambo moja: siku ya lori kuja, naye atakuja. Kama mama yake ataweza kulisha kundi lote peke yake, bila mkono wa mtu, lori litarudi tupu. Akishindwa, ng'ombe watapanda. Arlys akasema sawa, akakata simu. Kesho yake akaja dukani kwangu, akasimama katikati ya makopo ya oili, akalia. Kundi lile lote limetokana na mtamba mmoja aliopewa na baba yake siku ya harusi, na ng'ombe wote anawajua kwa majina ya bibi zao. Nami nililia, wala sioni haya kusema.

Sasa, kulisha ng'ombe kwetu ni kazi ya mtu mmoja na gari lenye tabia njema. Unapakia marobota ya nyasi kavu, unafika malishoni, unaingiza ile gia ya chini kabisa ambayo sisi huiita gia ya bibi, halafu unashuka. Ndiyo, unashuka. Pikapu inajiendea yenyewe, hakuna mtu kwenye usukani, na wewe uko nyuma juu ya marobota unamwaga nyasi huku ng'ombe wamejipanga mkia kwa pua. Ukiona uzio unakaribia, unaruka chini, unaipita pikapu kwa miguu, unapanda, unakanyaga klachi, inasimama. Sisi wote tumelelewa hivyo.

Tatizo pikapu yao ilikuwa na injini ya petroli iliyozeeka. Baridi ikikaza, inakohoa kwenye kilima cha kwanza na kuzimika. Kwa hiyo Delmar akaapa kuweka dizeli, maana dizeli hata usipoikanyagia mafuta inatambaa tu bila kununa. Akaipata moja kwenye gari bovu lililokuwa likisambaza mikate. Arlys anaapa kwamba injini ile ikipata moto bado inanukia mikate. Delmar anasema ni grisi. Akaiingiza pale mbele, akikata hapa na kuchomelea pale, amekaa kwenye kigoda kwa sababu ya nyonga, akitukana vizuri kabisa. Ikabaki klachi.

"Luella," alisema siku alipokuja kaunta, "nipe klachi."

"Ya kazi gani, kaka?"

"Ya kazi gani! Ya kushika."

Nikamwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa pana, ina pleti moja yenye vitambaa laini na springi ndogo katikati, na presha pleti yake, ile sahani ya kubana, haihitaji nguvu nyingi kuisukuma. Ya pili ilikuwa na pleti mbili zenye vipande vya chuma vigumu, na springi za kuinua kanisa. Wazee wakasogea na vikombe vyao. Virgil Mapes, jirani yao, ambaye hajawahi kunyamaza mahali penye kahawa, akaigonga ile laini kwa ukucha.

"Del, dizeli inapiga mateke. Weka hii uone, utanusa klachi inaungua mpaka Omaha. Hii ni ya watu wanaosambaza maua."

Wakacheka. Delmar hakucheka. Zamani, akiwa kijana, alishinda mashindano ya pikapu kuvuta mizigo kwenye maonyesho ya wilaya, na kombe lake liko juu ya friji mpaka leo. Niliona macho yake yalivyohamia kwenye ile ya pleti mbili.

"Kaka, nani atakayeendesha?" nikamuuliza.

"Arlys, nani mwingine?"

"Basi mlete Arlys achague mwenyewe."

"Luella, klachi siyo kiatu."

"Kwani inakanyagwa na nini, kiwiko?"

Wakacheka tena, na yeye naye safari hii. Lakini akaibeba ile ngumu.

Siku ya majaribio nilikwenda na sufuria ya maharage yenye nyama ya kusaga na pilipili, pamoja na mikate ya mdalasini, maana kwetu hivyo viwili haviachani. Pikapu ilikuwa uani bila boneti. Ile injini ni ndefu kwenda juu, na boneti ilikuwa bado haijakatwa ikatoshea. Delmar akajivuta, akakaa kwenye usukani. Gia ya bibi ilikuwa imeshaingia. Akazungusha ufunguo, stata ikaiburuta pikapu mbele, injini ikadaka, na hiyo ikaondoka.

"Mnaiona?" akapiga kelele. "Inatambaa kama mtoto!"

Malishoni akateleza chini akashika fimbo yake, akaiacha ijiendee. Arlys alikuwa juu ya marobota na uma wake wa nyasi, anamwaga kulia na kushoto. Ng'ombe wakaja mbio. Pikapu ilipanda kilima bila kukohoa, ikashuka, ikaendelea. Nilikuwa nimeinua mikono nipige makofi.

Uzio ukakaribia. Arlys akaruka chini, akapanda mbele, akakanyaga. Pikapu haikusimama. Akakanyaga kwa miguu yote miwili, ameng'ang'ania usukani, makalio yameachana na kiti, kofia imegusa paa. Pedali ikazama kidogo, kisha ikamrudisha juu.

"Delmaaar!"

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Kanyaga mpaka mwisho!"

"Mwisho wake uko wapi, ahera?"

"Zima ufunguo!"

Akazima. Dizeli ya zamani haijali ufunguo. Ikishawaka inataka mafuta na hewa tu, na ukitaka kuizima sharti uvute waya unaokata mafuta kwenye pampu. Kaka yangu, mtu wa petroli maisha yake yote, alikuwa ameuacha ule waya wa kufunga kesho. Arlys akajaribu kuing'oa gia, haikutoka. Akajaribu breki, ngumu kama ukuta, kwa sababu nazo zilikuwa zinategemea injini ya zamani kuzilainisha. Akabakiwa na usukani. Basi akakata kona.

Akazunguka. Pikapu ikachora duara kubwa katikati ya malisho, na ng'ombe wakaifuata nyuma wakichomoa nyasi kwenye marobota, mzunguko baada ya mzunguko, kama msafara wa harusi uliopotea njia. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye nyasi baridi. Arlys akatoa kichwa dirishani.

"Wifi! Ukimaliza kucheka niletee chakula huku huku!"

Delmar akachechemea mpaka kwenye njia ya lile duara, akajisimamisha.

"Ilete kwangu, mama Janelle! Pole pole!"

"Pole pole ndiyo hiyo hiyo niliyo nayo!"

Kishikio cha kuzimia kwa mkono kilikuwa kimejificha upande wa pili wa injini. Kwa hiyo kaka akavua kofia yake, ile nzuri ya manyoya, ya kanisani na mnadani, na pikapu ilipompita akaibandika kwenye mdomo wa bomba la hewa. Injini ikainyonya kofia, ikakohoa, ikameza nusu yake, ikafa. Tukabaki na sauti ya ng'ombe wakitafuna.

Nilitarajia Arlys atoke na matusi. Hakutoka. Alikaa pale mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, wa pili ukilikanda lile goti la teke la mtamba.

"Siwezi, Del," akasema. "Lori lije tu."

Kicheko kilinikauka. Delmar alisimama na kipande cha kofia mkononi. Maharage tuliyala, lakini mikate ya mdalasini hakuna aliyeigusa.

Nilidhani yameisha. Sikumjua wifi yangu. Jumatatu mlango wa duka ulifunguliwa, akaingia na mizani ya bafuni kwapani. Nyuma yake Delmar, kichwa wazi, na fimbo.

"Hamjambo wababa," Arlys akasema. "Virgil, weka kikombe chini, njoo ushike hii."

Akavuta kiti, akamwambia Virgil aisimamishe mizani ukutani, akakaa, akaegemea, akaweka mguu wa kushoto juu yake na kusukuma, si kwa pupa, bali kama anavyoikanyaga besi siku ya Pasaka.

"Soma."

"Ratili thelathini na nane," Virgil akasoma.

"Haya. Hiyo ndiyo klachi yangu. Wifi, nitafutie inayokanyagwa kwa uzito huo au chini yake. Goti langu limeshasema, na sitaki klachi ya kushinda kombe."

Nani angekubali kukaa kando baada ya hapo? Wazee wote wakataka kupima miguu. Virgil akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama, kisha akadai mizani imepunja. Makelele yakawa makubwa, kahawa ikamwagika, nikatishia kuwatoza.

"Del, zamu yako!"

"Nanywa kahawa kwanza."

"Ulishakunywa."

Arlys alikuwa anamtazama. Delmar akakaa kwenye kiti, akaweka mguu wa kushoto, akasukuma. Uso ukawa mwekundu, halafu ukawa mweupe. Virgil akaangalia mizani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakusema kitu. Nikainama kusoma mwenyewe. Haikufika hata nusu ya Arlys.

Arlys akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe.

"Baba Janelle, ile klachi uliwahi kuikanyaga?"

"Kule karakana niliisukuma kwa mkono, na kipande cha bomba."

"Na siku ile uliwasha gari gia ikiwa imeshaingia, usije ukaikanyaga."

"Ndiyo."

"Sasa ulimchagulia nani?"

Delmar aliitazama fimbo yake. "Yule jamaa aliyeshinda kombe," akasema.

Iliniuma, nisiseme uongo. Kaka yangu nimemwona akibeba ndama mabegani kwenye tufani ya theluji. Arlys akamshika shingo kwa nyuma.

"Yule jamaa nilimpenda sana," akasema. "Lakini kulisha ng'ombe alikuwa anachelewa kila siku."

Tuliangua kicheko sote, na Delmar akacheka kuliko sisi, huku anafuta macho kwa mkono wa koti. Halafu akanigeukia.

"Luella, leta kile kiatu."

Nikaileta ile pana. Nikawaeleza yale niliyokuwa nataka kuyaeleza tangu mwanzo kama wangenyamaza: klachi ikiwa pana inashika imara bila kuhitaji springi ngumu, na flaiwili ya gari la mikate, lile duara zito la chuma ambalo klachi hufungiwa, ilishakuwa na matundu ya klachi pana. Zile springi ndogo za katikati zinameza mateke ya dizeli. Vitambaa laini vinashika kidogo kidogo badala ya kuruka. Na badala ya vyuma virefu vya kusukumana, tuweke bomba la mafuta ya klachi, libebe sehemu ya kazi ya mguu.

"Nilishasema hiyo ndiyo yenyewe," Virgil akasema.

"Ya kusambaza maua?"

"Watu wa maua wana kazi nzito."

Lakini nimpe haki yake. Delmar hakuweza kulala chini ya gari, kwa hiyo Virgil ndiye aliyelala, akaishusha gia boksi na kuirudisha, huku kaka akimwelekeza kutoka kwenye kigoda na kumtukania kila nati. Kitu cha kwanza kufungwa kilikuwa ule waya wa kuzimia injini. Arlys akapanda, akakanyaga, akaachia, akakanyaga tena amefumba macho.

"Inaongea," akasema. "Najua pale inapoanza kushika."

Akatutembeza ua mzima, mbele na nyuma, na kikombe cha kahawa juu ya dashibodi hakikumwaga tone.

Lori lilifika asubuhi, theluji ikiwa juu ya viatu. Dereva alilisimamisha getini, hakuzima, akaanza kula keki za matunda ambazo Arlys alishamwekea kwenye kitambaa, maana mgeni ni mgeni hata akija kukuchukulia mali. Janelle alikuwa amefika jana yake na kulala pale, na sasa jikoni tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Delmar mwenye nyonga mpya, amesimama dirishani ameegemea fremu yake ya kutembelea ya bati. Nilimwambia akae. Akanijibu kwa neno ambalo sitaliandika.

Tuliiona pikapu ikiingia malishoni. Tuliona ikisimama. Halafu Arlys akashuka na ikaondoka bila mtu ndani.

"Mungu wangu," Janelle akasema, ingawa naye alikulia humo humo.

Arlys alipanda nyuma. Nyasi zikaanza kuruka. Mstari wa ng'ombe weusi ukajichora kwenye weupe, na pikapu ikatambaa mbele yao hata bila kusita. Katikati ya kilima ikaanza kupinda kuelekea birika la kunyweshea ng'ombe, chini ya kinu cha upepo. Janelle akanishika mkono kwa nguvu. Kule nje kile kikofia kikaruka chini, kikazunguka, kikapotea mlangoni, na pikapu ikasimama pale pale kwenye mteremko.

Sasa ikabaki kuondoka tena, kupanda, na mzigo, kwenye barafu. Klachi ikiruka, magurudumu yatateleza na gari litaporomoka mpaka kwenye birika. Nikamtazama kaka. Mikono yake ilikuwa imekaza kwenye fremu, na mguu wake wa kushoto, ule wa nyonga mpya, ulikuwa umekanyaga ubao wa sakafu. Akawa anauinua taratibu, kidogo kidogo, midomo ikicheza.

"Usiharakishe," alinong'ona. "Hapo. Hapo inashika. Hivyo hivyo, mama Janelle."

Pikapu ikaondoka bila kutikisika, ikapanda.

Janelle alikuwa haangalii nje tena. Alikuwa anauangalia mguu wa baba yake. Akapenga kamasi, akavaa buti bila kufunga kamba, akatoka kwenda getini. Tulimwona akiongea na dereva, na dereva akiinua keki moja kama kuaga. Lori likarudi nyuma tupu, likashika barabara. Mimi niliruka jikoni pale na umri wangu huu.

Arlys alimaliza marobota yote, akaileta pikapu uani, akaisimamisha chini ya dirisha. Akaingia na theluji kwenye kope, pua nyekundu, akabandua glovu kwa meno. Akamtazama Janelle aliyekuwa nyuma yake, akanitazama mimi, halafu akamtazama mumewe pale dirishani, bado amekaza mikono, mguu wa kushoto umekandamiza sakafu.

"Baba Janelle," akasema, "toa mguu kwenye klachi. Nimeshazima. Njoo tule."